Kipindi cha Pili Kinauzwa

Binti yangu alinijia jikoni na simu mkononi. Gemu yake ya mpira ilikuwa imefika mahali inataka hela. "Mama, nikilipa kidogo tu wananifungulia uwanja mpya na wachezaji wenye mbio." Nikamuuliza, gemu si ulishailipia mwezi ule? Akasema ile ilikuwa gemu yenyewe, hivi ni vya ziada. Nikamwambia aende kwa mjomba wake akamweleze maneno hayo hayo, neno kwa neno, aone atajibiwa nini. Akaondoka amenuna. Mimi nikabaki namenya viazi kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya simu. Ilikuwa ya Mpanda, miaka ya tisini, ya banda la mabati lililokuwa nyuma ya soko.

Banda lile lilikuwa la gemu. Mwenyewe alishuka na treni ya Tabora akiwa na televisheni iliyofungwa kwenye godoro, jenereta dogo, na mashine ya gemu yenye pedi mbili za kuchezea na kaseti za plastiki unazochomeka juu yake. Alikuwa mwanamume wa makamo, mcheshi, shati halikosi kalamu mfukoni. Sisi tulimwita mwenye banda. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyosema, kwa kuwa kabla yake burudani ya mjini kwetu ilikuwa kwenda stesheni kuangalia nani ameshuka na nani anaondoka.

Kaseti iliyopendwa ilikuwa moja, ya mpira. Wachezaji wake walikuwa wadogo kama punje za mtama, ila wanakimbia, wanapiga, na kipa anaruka. Unalipa hela ya mechi, mwenzako analipa yake, mnakaa kwenye benchi mnacheza vipindi viwili. Watu wanajaa nyuma yenu na kila mmoja ni kocha.

Sasa ili nieleweke inabidi niseme jambo la sokoni kwetu. Sokoni kwetu mtu hapimiwi tu, anapimiwa na kuongezewa. Mama alikuwa anauza dagaa na migebuka, samaki wa kukausha walioletwa na malori kutoka Karema, kule ziwani. Alikuwa anajaza kopo mpaka linaota kilima, anamimina kwenye mfuko wa mteja. Mteja hafungi mfuko. Anaushikilia wazi, anatazama pembeni kama mtu mwenye mawazo ya kwao, mpaka mkono wa Mama urudi kwenye turubai na kumtupia konzi moja ya juu. Hapo ndipo anafunga, anashukuru, anaenda. Nyongeza haiombwi wala haitajwi bei. Ukimnyima mtu nyongeza, habari itafika kijiji cha Kabungu kabla hujakunja turubai.

Kwa hiyo wakulima wa Kabungu na Kasekese walipoanza kuja bandani siku za mnada, siku za soko kubwa, walifanya kile ambacho wangefanya popote. Walilipa, wakacheza, mechi ikaisha, na wao wakabaki wameshika pedi, macho yako pembeni.

"Mechi imekwisha, wazee," mwenye banda akawaambia.

"Tumeona."

"Sasa mnasubiri nini?"

"Si utuongezee."

Mwenye banda alicheka mpaka akashika nguzo. Lakini mtu wa biashara hachelewi kusoma mji. Kuanzia siku ile kila mechi ilipokwisha aliwapa wachezaji penalti tano tano za bure. Hazikubadilisha matokeo, zilikuwa za kufurahisha roho tu. Watu wakamsifu kwamba huyu bwana ni mwenzetu, anajua kuishi na watu. Banda likajaa hata siku ambazo si za mnada.

Kaka yangu aliingia mle ndani kwa sababu ya sifa hizo. Alikuwa fundi viatu, anakata katambuga za tairi na kushona soli pembeni ya meza ya Mama. Ugonjwa wa utotoni ulimwachia mguu wa kulia mwembamba, anatembea na gongo. Mpira wa kweli aliutazama maisha yake yote akiwa amekaa kwenye kichuguu kando ya uwanja, akikosoa, na waliokuwa wanakosolewa walikuwa wanamjibu jibu lile lile: ingia wewe basi. Bandani aliingia. Kule kila mtu alikuwa amekaa, na miguu iliyokuwa inakimbia ilikuwa ya kwenye kioo.

Nilikuwa naenda naye, maana Mama alitaka kuwe na mtu wa kumtazama, na pia kwa sababu nilipenda. Nilimwona anavyocheza na nikawa nachoka roho. Kipindi cha kwanza alikuwa hafanyi kitu. Anarudisha mpira nyuma, anamwacha mwenzake ahangaike, anafungwa bao moja, mara nyingine mawili, wala hashtuki. Alikuwa anamsoma. Huyu akibanwa anakimbilia kulia. Huyu akifunga bao anasahau kukaba. Kikianza kipindi cha pili, anakaa vizuri, gongo anaweka chini ya benchi, anamfungua mtu kama kiatu kibovu. Alikuwa anatoka nyuma na kushinda, mechi baada ya mechi. Watu wale wale waliokuwa wanamwambia aingie yeye wakaanza kumwachia nafasi kwenye benchi na kumwita kocha. Sijawahi kumwona kaka yangu akitembea vile. Gongo lilikuwa lile lile, ila yeye alikuwa anatembea kama mwenye mali.

Nyongeza ilianza kuuzwa kidogo kidogo. Kwanza sauti. Siku moja tulikuta televisheni iko kimya, bao linaingia bila kelele, na mwenye banda anasema anayetaka sauti aongeze hela kidogo. Watu walicheka, wakaongeza. Halafu penalti zikawa za kulipia. Halafu ikaja kaseti mpya kutoka Dar, yenye timu mpya na jezi za milia, na kuzichezea timu hizo ni bei yake mbali. Kila kitu kilichoongezwa kilikuja na maneno matamu: si lazima, ni kwa anayependa.

Banda likagawanyika. Kulikuwa na kijana wa duka la vipuri vya baiskeli, hela hazimpigi chenga, yeye alikuwa analipia kila kitu na kukitangaza. Kwake kulipa kulikuwa nusu ya raha. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa anatetea, anasema mali ni ya mtu, akitaka aiuze kwa kipande. Bibi mmoja muuza maandazi, ambaye hakuwahi kushika pedi, alimjibu kwamba ng'ombe anauzwa vipande akiwa amekufa, na mechi bado inapumua. Mwenye banda alikuwa na neno moja kwa wote. "Jenereta linakunywa mafuta, nyie, na kituo cha mafuta hakiniongezei hata tone." Ilikuwa hoja ya haki kabisa. Nilikuwa naielewa, na bado nilitamani kumrushia kandambili.

Kisha akauza kipindi cha pili.

Alitangaza asubuhi ya mnada, kwa chaki, kwenye ubao aliouning'iniza mlangoni. Hela ya mechi sasa ni ya kipindi cha kwanza. Anayetaka cha pili analipia. Na kwa kuwa wachezaji ni wawili, utaratibu ni huu: aliye nyuma ndiye anayelipa, maana ndiye mwenye shida. Asipolipa, matokeo ya mapumziko ndiyo matokeo, na yataandikwa ubaoni watu wote wasome.

Niligeuka kumtazama kaka yangu. Nilidhani atacheka. Alikuwa anausoma ubao mara ya pili, midomo inatembea.

Wengine iliwauma mfukoni. Yeye ilimuuma kwingine. Kucheza kwake kote kulikuwa kwenye kipindi cha pili, na utaratibu ule ulikuwa umeshonwa kwa kipimo cha mguu wake. Hela hakukosa. Siku ya mnada alikuwa anashona mpaka vidole vinavimba. Lakini alikataa kutoa. "Nimelipia mechi," alikuwa anasema, kwa upole, kila mara. "Mechi ina vipindi viwili. Mimi sidaiwi." Mwenye banda anachomoa waya. Ubaoni anaandika bao mbili kwa bila.

Tulifanya mgomo. Tulikubaliana kabisa, watu wazima, kwamba hakuna atakayekanyaga bandani mpaka kipindi cha pili kirudi kwa wenyewe. Mwalimu naye alikubali, kwa jinsi alivyoishiwa hela. Mgomo ulikwenda vizuri mpaka mnada uliofuata, ambapo mwenye banda alitundika karatasi inayosema kuna kaseti ya mbio za magari. Nilipopita nje nilisikia sauti za wagomaji wote, na kijana wa vipuri alikuwa amewalipia wawili. Nilitukana kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua, na kwetu lugha si chache.

Kaka yangu alirudi pia, siwezi kuficha. Angekwenda wapi? Alirudi, akacheza vipindi vyake vya kwanza, akafungwa, akaandikwa. Jina la kocha likafa. Wakaanza kumwita Kipindi Kimoja. Walikuwa wanamwita hivyo hata sokoni, wakileta viatu. "Kipindi Kimoja, nishonee hapa." Alikuwa anashona. Nikamwambia lipa tu, kaka, mara moja, uwafunge wanyamaze. Akaniambia akilipa, basi amekubali kwamba kipindi kile kilikuwa cha mwenye banda kuuza. Nilimwona mkaidi. Mpaka leo namwona mkaidi. Lakini jioni alikuwa anatembea kwenda nyumbani polepole kuliko zamani, na mimi nyuma yake.

Ndiyo maana nilifanya nilichofanya kwenye dagaa, na sijutii.

Mwenye banda alikuwa mteja wa Mama. Alikuwa mtu wa kopo mbili kila mnada, na mfuko wake ulikuwa unakaa wazi kuliko wa mtu yeyote. Siku hiyo Mama alikuwa amekwenda kupokea mzigo kwenye lori, mezani niko mimi, na kaka yangu yuko pembeni na tairi lake. Nikapima kopo mbili, zimejaa, sikumpunja hata dagaa mmoja. Nikamimina. Akashikilia mfuko wazi, akatazama pembeni.

Nikakaa chini.

Akasubiri. Akautikisa mfuko kidogo, dagaa wakalala vizuri, nafasi ikaonekana.

"Vipi, mdogo wangu?" akauliza mwenye banda.

"Kopo mbili hizo, kaka. Nyongeza tumeanza kuiuza. Si lazima, ni kwa anayependa."

Wauza nyanya wa meza ya pili waligeuka kututazama. Kaka yangu hakuinua kichwa, lakini kisu kilisimama kwenye tairi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa nayatamani. Mwenye banda alinitazama, akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni. "Sawa kabisa. Biashara haigombi. Weka ya hii." Akanipa hela.

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Nilitaka aumie, na yeye alikuwa ananiona mwenzake.

Mama alifika hela bado iko mkononi mwangu. Wauza nyanya wakamweleza kabla sijafungua mdomo. Aliichukua ile hela, akamrudishia mwenye banda kwa mikono miwili, akachota konzi ya dagaa, akachota nyingine, mfuko ukakaribia kupasuka.

"Baba, tusamehe. Huyu binti amelala vibaya."

"Hakuna neno, mama."

"Nenda nao salama. Na mkeo akipika awalowanishe, hawa wana mchanga kidogo."

Mwenye banda alipoondoka, Mama alinigeukia. Hakupaza sauti. "Unataka watu waseme napima kama duka la dawa?" Nikamwambia yule anamuuzia mwanao nusu mechi. Mama akasema, "Hayo ni ya kwake na banda lake. Meza hii ni yangu."

Mchana huo huo kaka yangu alipangwa kucheza na kijana wa vipuri. Banda lilifurika. Nilisimama nyuma ya benchi, naona mikono yake. Ilikwenda kama kawaida, akafungwa la kwanza mapema, akafungwa la pili kwa uzembe wa makusudi, nikamwona anatikisa kichwa kidogo kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Nilikuwa namjua. Alikuwa ameshamsoma yule kijana mpaka ukurasa wa mwisho. Kipindi cha pili angemfunga manne.

Filimbi ya kwenye televisheni ikalia. Mkono wa mwenye banda ukaenda kwenye waya, kisha ukasimama. Nafikiri dagaa wa Mama walikuwa wamemkaa rohoni. Nafikiri, kwa haki kabisa, alitaka kulipa wema kwa wema. Akanyanyua sauti ili kila mtu asikie.

"Leo huyu namwachia kipindi cha pili. Bure. Hela sichukui. Jamani, mtu mwenye hali kama hii, tumsaidie na sisi tupate thawabu."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mtu mmoja akapiga makofi. Kijana wa vipuri akasema hata yeye hana neno, mgonjwa apewe nafasi.

Kaka yangu aliweka pedi juu ya mashine, taratibu, waya wake akauzungusha vizuri kama alivyoukuta. Akainama kutafuta gongo chini ya benchi. Nilimshika bega. Nilimnong'oneza cheza, kaka, cheza tu, wafunge, maneno baadaye. Nilikuwa karibu kulia. Akasimama.

"Kaka," akamwambia mwenye banda, "Mama leo amekuongezea dagaa."

"Ameniongezea, namshukuru sana."

"Alikuonea huruma?"

Mkono wa mwenye banda ukatoka kwenye waya.

"Alikuongezea kwa sababu umenunua. Mimi pia nilikuwa nimenunua."

Akatoka. Watu walimpisha, na gongo lake lilisikika mpaka nje. Kwenye kioo wachezaji wake walikuwa wamesimama katikati ya uwanja wakisubiri. Mwenye banda alichukua chaki, akaishika muda, na nilipokuwa natoka sikuona kama aliandika.

Kaka yangu hakurudi tena mle ndani, na mimi sikurudi. Nilikuwa nimewakasirikia wote, yule kwa sadaka yake na huyu kwa kiburi chake, kwa sababu angeshinda. Nimebishana naye kuhusu jambo hili miaka mingi kuliko miaka ya binti yangu. Angeshinda, kila mtu angeona, jina lingerudi. Ananiambia lingerudi na kiraka.

Masika yale barabara ya Karema ilikatika, dagaa wakaadimika, mafuta yakapanda, na banda likaanza kufungwa siku nyingi kuliko kufunguliwa. Mwenye banda aliuza televisheni na mashine kwa mtu wa Tabora, akajiandaa kupanda treni. Siku ya kuondoka alipita mezani kununua migebuka ya safari. Mama alimpimia, akamwongezea mmoja mnene. Yeye akatoa kitu kwenye mfuko wa shati, akakiweka juu ya turubai, kando ya dagaa. Kilikuwa kaseti ya mpira, ile ya kwanza. "Ya kijana," akasema. "Si msaada, mama. Nyongeza."

Mashine ya kuichomekea haikuwepo mji mzima. Nilicheka kwa uchungu, nikasema hata zawadi yake ni nusu. Kaka yangu aliipangusa vumbi kwa kitambaa cha kung'arishia viatu, akaiweka kwenye sanduku la misumari.

Bado anayo. Siku ile ya viazi, jioni, binti yangu alirudi kutoka kwa mjomba wake akiwa ameishika, anaigeuza geuza, anauliza kitu hiki kinawekwa wapi kwenye simu. Nikamuuliza, na habari ya hela mjomba amesemaje? Akasema mjomba hakusema lolote kuhusu hela. Alimsimulia mechi aliyocheza zamani, akaishia kwenye mbili bila, akaendelea kushona.

"Nikamuuliza mwisho nani alishinda," binti yangu akaniambia. "Akasema bado wako mapumziko."